Mlango Uliosingiziwa

Kidole cha shahada cha mke wa Fundi Waya kilivunjika saa moja kasoro asubuhi, jikoni, katikati ya neno. Neno lenyewe lilikuwa "wateja". Mke, ambaye mtaa mzima ulimwita Msusi kwa sababu ya kazi yake, alikuwa anauliza kwa nini kiti chake cha wateja, kile cha plastiki ya bluu chenye mgongo mzuri, kimelala uani na miguu mitatu. Fundi alikuwa anaeleza kwamba alikipanda kidogo tu, afikie juu ya fremu yake ya kusukia nyavu za uzio, na kiti chenyewe kikaamua kuvunjika.

"Kimeamua?" Msusi akasema. "Kiti kimekaa, kimefikiri, kimeamua?"

Ndipo akaanza kumchoma kifuani kwa kidole, kila neno na mchomo wake. "Kiti! Changu! Cha! Wateja!"

Sasa, msuka nyavu za waya hatembei bila koleo. La Fundi lilikaa mfukoni mwa shati, upande wa kushoto, tangu anapoamka mpaka anapolala; hata misibani alikwenda nalo. Mchomo wa nne ulilikuta limesimama wima. Ulitoka mlio mdogo wa kijiti kikavu, na Fundi alidhani ni kifungo cha shati kimekatika, akainama kukitafuta. Msusi naye aliendelea kugomba karibu dakika nzima, akapitia kiti, akapitia ndoo iliyotobolewa mwaka jana, akawa yuko njiani kuelekea kwa mama mkwe, ndipo maumivu yalipofika. Akakitazama kidole chake kana kwamba ni cha mtu mwingine.

"Umeniwekea chuma kifuani," alisema.

"Sikukuwekea wewe. Kipo siku zote."

"Si ungesema!"

"Ningesemea wapi, mke wangu? Nafasi ya kusema niliipata wapi?"

Msusi alijikaza. Alisema kidole kinachokunjika hakijavunjika, kila mtu anajua hivyo, akakikunja kuonyesha, machozi yakamtoka mawili makubwa. Maji ya chai yalipochemka kidole kilikuwa kimevimba kikawa sawa na gumba. Chai ilipoiva upande mmoja ulikuwa umegeuka rangi ya wino, na ncha yake ilikuwa inatazama dirishani wakati vidole vingine vyote vinatazama mbele. Fundi alikigusa kwa ukucha tu. Msusi akamwita jina ambalo si la kuandikwa.

Kabla hawajaamua la kufanya, mlango ukagongwa. Alikuwa Mwalimu, mteja, amejifunga kitambaa kichwani. Jana jioni alisukwa nusu ya kulia, giza likaingia, akaambiwa aje asubuhi amaliziwe nusu ya kushoto. Jumatatu wakaguzi walikuwa wanakuja shuleni kwake.

"Hee! Kidole hicho kimefanya nini?" Mwalimu akauliza.

Msusi akamtazama mumewe, akamtazama Mwalimu. Inabidi ieleweke kwamba Msusi hakuwa msusi tu. Mwanamke akikaa mbele yake saa nne au tano, kichwa kimeinamishwa, mdomo huwa unafunguka wenyewe, na Msusi alikuwa ndiye mshauri wa ndoa za mtaa ule. Ushauri wake ulikuwa mmoja, na wanawake waliujua kwa moyo: mume hagombezwi, mume anaelezwa, sauti chini, mikono mapajani. Mwalimu mwenyewe aliufuata kwa miezi sita na akasema umemsaidia.

"Mlango," Msusi akasema. "Nimebanwa na mlango."

"Aaa," Mwalimu akasema, polepole. "Mlango."

"Ni mimi mwenyewe. Nilikuwa siangalii ninapokwenda."

Mwalimu akageuka akamtazama Fundi Waya kuanzia viatuni mpaka utosini. Fundi akamsalimia. Hakuitikiwa.

Zahanati ilikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Tabibu alikuwa mama mmoja mnene mwenye miwani ya kamba, asiyepoteza muda. Alikishika kidole, akakitazama upande huu na upande ule, akamwambia Msusi akikunje, akamwambia basi aache.

"Vidole huvunjika kwa njia zinazojulikana," alisema huku akiandika. "Kuanguka na kutanguliza mkono. Mpira. Nyundo. Mlango. Na kupigwa. Cha kwako ni kipi?"

"Mlango," Msusi akasema.

"Wa mbao au wa chuma?"

"Wa chuma," akasema Msusi.

"Wa mbao," akasema Fundi Waya, wakati uleule.

Tabibu akaweka kalamu chini. Alimtazama Fundi kwa utulivu uliomfanya Fundi akumbuke makosa yake yote ya utotoni. "Baba, tokea nje kidogo."

Fundi akatoka. Kwenye benchi walikuwa wamekaa wagonjwa saba, na kuta za zahanati ile zilikuwa za mbao nyembamba, kwa hiyo wote saba walikuwa wameshasikia. Mzee mmoja mwenye kikohozi alisogea, si kumpisha akae, bali kumkwepa. Ndani aliisikia sauti ya tabibu ikiuliza kwa upole, "Nyumbani uko salama, mama?" na ya mkewe ikijibu, "Ni mlango tu, daktari, usimlaumu mtu." Usimlaumu mtu! Fundi alitamani ardhi ipasuke. Nani alikuwa amemtaja mtu?

Alipoitwa ndani tena akaona bora aseme ukweli. "Daktari, kusema kweli, mke wangu alikuwa ananichoma kidole hapa kifuani. Sasa hapa nilikuwa na koleo."

Tabibu alivua miwani. "Kwa hiyo yeye ndiye alikuwa anakupiga wewe. Kwa kidole. Mpaka kidole kikavunjika."

"Hasa! Ndivyo hivyo!"

"Baba, nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa. Nimeambiwa ngazi. Nimeambiwa ng'ombe. Hii ya kifua ni mpya, nakupongeza." Akamgeukia Msusi. "Wiki nne hakiguswi. Kimefungwa na mwenzake, usiwatenganishe. Na ukiwa na shida yoyote, mchana au usiku, mlango wa kwangu uko wazi."

Njiani Fundi alikuwa anachemka. "Sema ukweli. Mara moja tu. Mwambie hata mtu mmoja."

"Niseme nini? Kwamba mimi, ninayewakalisha wenzangu na kuwafundisha sauti chini, nimemrukia mume wangu kwa kidole jikoni kama jogoo? Nani atarudi kukaa kwenye kiti changu?"

"Kiti kimevunjika."

"Ndiyo. Na nani amekivunja?"

Fundi akaona ni salama zaidi kuitazama barabara.

Mwalimu hakukaa na habari ile moyoni. Saa sita mchana habari ilikuwa imeshazunguka, na wanawake walianza kuingia wawili wawili, wamebeba maboga, mkate, chupa za chai. Waliingia na kumpita Fundi pale uani alipokuwa anazungusha waya kwenye fremu, wakampita kama mti. Kila mmoja alikishika kidole, kila mmoja akatoa uamuzi wake. Mmoja alisema uvimbe ule ni wa kuteguka. Mwingine akasema la, rangi ya wino ni mfupa. Wa tatu alisema cha mjomba wake kilianza hivyohivyo, na mjomba alikufa, ingawa alipobanwa alikiri kwamba mjomba alikufa kwa ajali ya baiskeli miaka mingi baadaye.

Aliyekaa zaidi alikuwa Mshonaji, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mwembamba asiye na maneno mengi. Alikuja na kitambaa alichokipinda na kukishona ukingo vizuri, akakifunga shingoni kwa Msusi ili mkono ulale. "Usivae pete," alimwambia. "Usiku ulaze juu ya mto. Siku ya tatu kitageuka kijani, halafu njano. Ukiona njano usiogope, ndiyo kinapona." Halafu Fundi, ambaye alikuwa amesogea dirishani kwa kisingizio cha kutafuta msumari, akamsikia akiongeza kwa sauti ya chini, "Ukitaka kuweka begi lako kwangu, liweke. Sitamwambia mtu. Hata saa nane za usiku, gonga ukuta."

Damu ya Fundi ilipanda. Begi! Jirani ambaye Fundi alimchotea maji alipougua, akamtengenezea uzio wa kuku bila kudai hata ahsante, leo anamvunjia nyumba kwa mnong'ono! Tangu saa hiyo akamchukia Mshonaji kuliko wote.

Na kana kwamba hayo hayatoshi, saa kumi akaja mume wa Mshonaji. Huyu alikuwa Katibu wa mtaa, mtu wa shati lililopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni, ambaye hata kwenye vikao vya kugombania mfereji alisema "ndugu wajumbe". Alimchukua Fundi kando, akamwekea mkono begani.

"Ndugu yangu, nimekuja kama mwanamume kwa mwanamume. Mwanamke hapigwi. Mwanamke ni ua."

"Katibu, mimi sijampiga mtu."

"Wote tunasema hivyo mwanzoni," Katibu akasema kwa huruma nyingi. "Hasira ni ya kibinadamu. Lakini jizuie. Hesabu mpaka kumi. Toka nje, tembea. Mtaa wetu una heshima yake, ndugu."

Fundi alitaka kueleza habari ya koleo, akakumbuka miwani ya tabibu, akaliacha. Alimshukuru. Fikiria: mtu anaonewa, na bado anashukuru. Jioni ileile ujumbe ukatoka shule ya wasichana iliyoagiza uzio, kwamba kazi isimamishwe kwanza mpaka bodi ikae. Fundi alilala amegeukia ukuta, na mkewe, mkono juu ya mto kama alivyoelekezwa, alisema gizani, "Yatapita."

Hayakupita. Kesho yake, Jumapili mchana, akaingia Bucha.

Bucha alikuwa kaka mkubwa wa Msusi, muuza nyama, mtu ambaye akisimama mlangoni chumba kinaingia giza. Alikuwa hajabadilisha hata aproni. Ndani walikuwepo Msusi, Mshonaji, na Mwalimu na nusu kichwa chake, kwani hakuwa amepata mtu wa kummalizia na alikuwa amegoma kufumuliwa. Fundi alikuwa ameketi kwenye kona ya nyumba yake mwenyewe, amejikunyata kama mgeni asiyealikwa.

"Shemeji," Bucha akasema.

"Karibu, shemeji."

"Sijakaribia bado. Dada yangu amesema mlango. Mimi ni mtu wa haki, sitaki kumwonea mtu. Mlango ni upi?"

Nyumba ile ilikuwa na mlango mmoja tu wa kufunga. Kwingine kote yalikuwa mapazia. Msusi akauonyesha kwa kidevu. Bucha akaufungua. Akaurudisha. Akaufungua, akausukuma kwa nguvu zake zote, ukaenda, ukakwama kwenye sakafu upana wa viganja viwili kabla ya kufika kwenye fremu, ukatetemeka, ukarudi. Mlango ule ulikuwa umepinda tangu mvua za mwaka juzi, na ulifungwa usiku kwa kuegeshwa jiwe. Bucha akaingiza mkono wake wote mkubwa katika ule mwanya, akautoa. Akaingiza mguu. Akaingiza kichwa, akatazama nje, akakitoa.

"Mlango huu," akasema taratibu, "haujawahi kumbana hata panya."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa, upande uliosukwa na upande usiosukwa.

"Dada, chukua begi lako. Twende nyumbani."

Hapo ndipo Fundi alipoelewa kwamba mzaha umekwisha. Alikuwa amedhani atapoteza heshima, labda na uzio wa shule; hakuwa amefikiri kwamba jioni ile atakunywa chai peke yake. Miaka kumi na moja. Alibaki anamtazama mkewe tu, na macho yake yalikuwa yanaomba waziwazi, bila aibu yoyote.

Msusi aliyaona. Akasimama.

"Kaka, sikubanwa na mlango. Nilimchoma huyu kifuani kwa kidole, nikakuta koleo."

Bucha akatikisa kichwa kwa uchungu. "Amekufundisha kusema hivyo."

"Hajanifundisha. Nilikuwa nagomba. Alinivunjia kiti."

"Maskini," Mwalimu akanong'ona. "Wewe, ugombe? Sauti chini, mikono mapajani?"

"Nilikuwa nawadanganya! Nyumbani mimi nagomba mpaka sufuria zinaitikia!"

"Wanavyowatisha," Bucha akamwambia Mwalimu, "mpaka wanajisingizia wenyewe. Begi liko wapi, dada? Nitalifunga mimi."

"Kaka, nisikilize."

"Tutaongea njiani."

"Nimesema nisikilize!"

"Dada, usiogope, mimi nipo, hatakugusa te—"

Msusi akamfuata. Mkono wa kulia ulikuwa shingoni katika kitambaa. Alitumia wa kushoto. "Mimi! Ndiye! Niliyechoma! Husikii?" Kila neno kidole kilizama katika aproni, na kila kilipozama Bucha alirudi hatua moja, mpaka mgongo ukagota ukutani na picha ya harusi ikaanguka. "Mume wangu hajanigusa hata kwa unyoya! Unanifungia begi kwa idhini ya nani? Nani! Amekuita! Hapa!"

Bucha aliinua mikono yote miwili juu. Alikuwa amebadilika uso. Alikuwa anaonekana mtoto wa miaka tisa.

"Basi, basi! Nimekubali! Jamani, nilikuwa nimesahau! Mama alikuwa anamfunga huyu soksi mkononi asituchome!" Akajipapasa kifua. "Shemeji, pole. Pole sana. Umeishi vipi miaka yote hii?"

"Kwa koleo," Fundi akasema.

Hapo nyumba ikalipuka kwa kicheko. Mwalimu alicheka mpaka kitambaa kikamdondoka. Bucha alicheka akiwa amejiinamia, akipiga paja, akirudia "kwa koleo, kwa koleo". Msusi mwenyewe aliona haya, kisha hakuona tena, akacheka akishikilia mkono wake mbovu na kulalamika kwamba kucheka kunauma. Na Fundi Waya alicheka zaidi ya wote, kwani alikuwa amerudishiwa jina lake na mke wake kwa mpigo, na mtu aliyerudishiwa vitu viwili hivyo hana sababu ya kujizuia. Alishika ukuta. Alipangusa machozi. Alipofumbua macho aliona mtu mmoja hacheki.

Mshonaji alikuwa ameketi palepale, mikono mapajani, anatabasamu kidogo kwa adabu.

"Kwa hiyo wewe hukupigwa," akamwambia Msusi.

"Sikupigwa, jirani. Nisamehe, nilidanganya. Nimewasumbua bure."

"Hapana, si kitu. Nashukuru Mungu." Alianza kujikusanyia uzi na sindano zake, akavirudisha katika kikopo kimoja kimoja. "Ni kwamba jana niliposikia nilifurahi. Mungu anisamehe. Nilikaa nyumbani nikafurahi peke yangu, nikasema, basi sasa tuko wawili."

Kicheko kilikufa. Kilikufa vibaya, kwa vipande, Bucha akiwa wa mwisho, kwa sababu hakuwa amesikia vizuri.

Fundi aliitazama mikono ya Mshonaji iliyokuwa inafunga kile kikopo. Miaka sita wamekaa ukuta kwa ukuta na hakuwahi kuitazama. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilikuwa kimepona upande, hakilali na wenzake. Cha pete kilikuwa na nundu katikati. Cha tatu hakikukunjika kabisa. Alikuwa anafunga kifuniko bila kukitumia kidole hicho, kwa ustadi wa mtu aliyezoea. Alikuwa amemchukia mtu huyu tangu jana mchana.

"Ni Katibu?" Msusi akauliza, na sauti yake ilikuwa chini kwelikweli.

"Huwa anahesabu mpaka kumi kwanza," Mshonaji akasema. "Anahesabu kwa sauti." Akasimama, akajikung'uta nyuzi. "Ngoja niwahi. Anarudi kikaoni saa kumi."

"Kaa," Msusi akasema.

"Chakula hakijawa tayari, jirani."

"Kaa, nimekwambia." Akamshika kwa mkono ulio mzima, akamkalisha kitandani, akakaa naye akiwa bado amemshika. Mwalimu akaenda kummiminia chai, akaimwaga yote kwenye sahani. Bucha akachukua begi tupu la dada yake, akasimama nalo katikati ya chumba, akamtazama Mshonaji, akalitazama begi, kisha akauliza kwa upole ambao hakuna aliyewahi kuusikia kwake, nguo zake ziko chumba gani, na kama kuna kitu kingine asingependa kukiacha.

"Cherehani," Mshonaji akasema. "Lakini ni nzito."

"Mimi nabeba ng'ombe," Bucha akasema, akatoka kwenda nyumba ya pili.

Fundi Waya alikwenda kukaa kizingitini. Hakujua hasa anachokusudia kufanya. Hakuwa mtu wa ugomvi. Maishani mwake alikuwa amegombana na waya tu. Saa kumi na dakika chache Katibu alitokea, shati limenyooka, kalamu zake mbili mahali pake, akasalimia kutoka mbali kwa kuinua mkono.

"Ndugu yangu! Habari za tangu jana? Naona umetulia. Vizuri sana. Mke wangu yuko humo?"

"Yumo," Fundi akasema.

"Mwambie nimerudi."

"Anajua. Anakunywa chai."

Katibu alitabasamu, akapanda ngazi ya kwanza, akangoja Fundi ajisogeze apite. Fundi Waya hakusogea.